Rubani Anataka Mtu wa Kumuuliza

Sisi wa Tabora na Kigoma hatupandi ndege kwa anasa. Reli ya kati toka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu mwenye mgonjwa wa rufaa ya Muhimbili, au mwenye msiba wa kuzika kesho alasiri, hana siku mbili za kukaa behewani. Ukoo unachanga, tiketi inakatwa, mtu anaingia uwanjani na boksi lake la dagaa lililofungwa kamba. Ndiyo maana ndege ikiahirishwa huku kwetu watu hupandwa na hasira kuliko wenzetu wa Dar, ambako ukikosa ya asubuhi unaweza kutafuta ya jioni. Hasira hiyo naifahamu vizuri. Hata hivyo leo namtetea rubani anayesimama mbele ya abiria na kusema haruki.

Namtetea kwa sababu ya jambo ambalo marubani wamelilalamikia kwa miaka mingi, huko Marekani na Ulaya kwa sauti ya juu, huku kwetu kwa kunong'ona: ndege kutengenezwa kwa mkataba na karakana za nje, ambazo rubani hazijui, na wakati mwingine hata kampuni yake haizijui sawasawa.

Wengi wetu tunadhani kampuni ya ndege ina mafundi wake na hanga lake, na chombo kikiharibika kinatengenezwa nyumbani. Mashirika makubwa ya zamani yalikuwa hivyo. Hali imebadilika sana. Mwaka 2008 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alitoa ripoti kuhusu mashirika makubwa tisa ya nchi ile: mwaka 1996 yalikuwa yakiwalipa watu wa nje asilimia 37 ya fedha zao za matengenezo, na kufikia 2007 ilikuwa asilimia 64. Yaani zaidi ya nusu ya kazi, kwa hesabu ya fedha, ilikuwa mikononi mwa watu wasio waajiriwa wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni mwa ndege.

Kwa shirika dogo la Afrika hakuna hata nafasi ya kubishana. Ukiwa na ndege chache huwezi kujenga karakana ya kufungua injini; injini inasafirishwa kwenda kwa mwenye vifaa. Tuliona wenyewe mwishoni mwa 2022, Air Tanzania ilipolazimika kuziegesha ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney. Tatizo lilikuwa la injini zenyewe, na mashirika mengine duniani yalikwama vilevile. Fundi wa hapa, hata awe hodari namna gani, alibaki kusubiri foleni ya mtengenezaji.

Kwa hiyo anayesema matengenezo ya mkataba yapigwe marufuku, huyo hajui gharama za kazi hii. Marubani niliowasikia hawasemi hivyo. Wanacholalamikia nilikielewa vizuri zaidi nyumbani kwetu Tabora, usiku mmoja, mezani kwa baba.

Baba ni fundi mstaafu wa reli. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa karakanani, na hadi leo akisikia honi ya treni anaweza kukuambia breki zake zikoje kabla haijasimama. Dada yangu ameolewa na rubani. Shemeji huyo kaniruhusu kuandika haya mradi nisitaje kampuni yake, na sitaitaja.

Jioni hiyo alibisha hodi bila taarifa, amevaa fulana na ndala, sare ameiacha gesti walikolala wenzake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona ghafla? Kuna usalama?"

"Usalama upo, baba. Ndege nimeilaza."

Mama akaenda kuongeza unga kwenye sufuria, na sisi tukakaa kumsikiliza.

Kabla ya kila safari rubani mmoja huizunguka ndege kwa miguu. Anatazama matairi, anachungulia kama kuna mafuta yanayovuja, anaangalia kingo za mabawa, anakagua kama kila mfuniko umefungwa. Asubuhi ile walikuwa wameondoka Dar gizani, na ukaguzi ulifanywa kwa tochi. Tabora walitua jua limeshawaka. Akapita chini ya bawa, akaona mfuniko mmoja, sahani ya bati ya ukubwa wa kitabu, umeshikwa na skrubu pembeni. Skrubu zote zilikuwa na rangi ileile ya bawa, isipokuwa mbili. Hizo mbili rangi ilikuwa imechubuka kwenye njia ya bisibisi, chuma kinang'aa. Akapitisha kidole gumba juu yake. Zilikuwa zimekazwa vizuri. Lakini kuna mtu alizifungua, tena si zamani.

Ndege ile ilikuwa imerudi siku chache nyuma kutoka kwa mkandarasi wa matengenezo. Akaingia ndani, akatoa makaratasi ya kazi iliyofanyika, akasoma mstari kwa mstari. Mfuniko ule haukutajwa popote. Na nyuma ya mfuniko ule, alituambia, zinapita nyaya zinazoendesha vibao vya bawa, vile ambavyo ndege hutumia kulalia upande mmoja ikikata kona.

Akapiga simu Dar. Dar wakapiga kwa mkandarasi. Mkandarasi akasema zamu ya usiku ule ilikuwa na mafundi wa muda, mkataba wao umekwisha, wamekwenda kwingine. Nani alifungua? Hawajui. Alifanya nini humo ndani? Hawajui. Mkubwa mmoja akamwambia, "Kepteni, skrubu si zimekazwa? Leteni ndege." Akajibu kwamba haileti mpaka mtu mwenye leseni aje afungue, aangalie, aandike.

Abiria wakaambiwa. Mama mmoja akamsimamia usoni: "Wewe kijana umeshiba. Sisi tuna maiti Dar." Shemeji aliposimulia hapo alinyamaza kidogo, na baba naye hakumhimiza.

Fundi aliletwa kesho yake. Akafungua mfuniko, akachungulia kwa tochi na kioo, akashika kila waya, wakazungusha usukani mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kilikuwa sawa. Inaelekea kuna mtu alifungua kuangalia au kupaka grisi, akafunga, akasahau kuandika. Karatasi ikaandikwa, sahihi ikawekwa, ndege ikaondoka.

Baba alipopigiwa simu na kuelezwa mwisho wake, aliuliza, "Kwa hiyo hakukuwa na kitu?"

"Hakukuwa na kitu, baba."

"Na aliyefungua umempata?"

"Sijampata."

Baba akaguna. Kwake yeye hilo la pili ndilo lilikuwa kosa, tena kubwa. Alinieleza baadaye kwamba karakanani kwao dereva wa treni akiona breki zinachelewa kushika, alikuwa anaingia na kikombe chake cha chai mkononi, anamtafuta kwa jina fundi aliyeshika spana jana yake, na wanakwenda wote wawili chini ya behewa. Wanagombana, wanaelewana, kazi inarudiwa. Fundi alijua kesho atakutana na dereva yule kwenye kahawa, na mke wake atakutana na mke wa dereva sokoni. Malalamiko yalikuwa na mahali pa kwenda, na yalikwenda kwa miguu, dakika kumi.

Rubani wa leo anaandika hitilafu kwenye kitabu cha ndege. Maandishi yanakwenda kwa idara ya kampuni yake, idara inawasiliana na ofisi ya mikataba, ofisi inamwandikia mkandarasi, mkandarasi anampa kazi fundi ambaye pengine hajawahi kuisikia sauti ya rubani huyo. Jibu linarudi kwa maneno mawili matatu: "Imejaribiwa ardhini, iko sawa." Kesho angani hitilafu inajitokeza tena. Rubani anaandika tena, na jibu ni lilelile. Shemeji anasema kinachomnyima usingizi si hitilafu kubwa, maana hiyo inajitangaza yenyewe. Ni hii ndogo inayorudi, ambayo kila anayeikagua anaikagua kama vile imetokea mara ya kwanza.

Na kumbuka kwamba rubani hafungui bawa. Hana ruhusa wala vifaa. Fundi mwenye leseni ndiye anayesaini kwamba ndege inafaa kuruka, na kepteni anasaini kwamba ameipokea. Maisha ya watu wote humo ndani, pamoja na yake, yamesimama juu ya kuamini kwamba karatasi inasema kile ambacho chuma kimefanyiwa. Karatasi na chuma vikipishana hata kwa skrubu mbili, hana kingine cha kushikilia.

Mfano wa yanayoweza kutokea upo, na umechunguzwa hadi mwisho. Tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900D ya kampuni ya Air Midwest, iliyokuwa ikiruka kwa jina la US Airways Express, iliondoka Charlotte, North Carolina, ikiwa na abiria 19 na marubani wawili. Ilipoinuka tu pua ikazidi kupanda. Marubani wakasukuma usukani mbele kwa nguvu zao zote, pua haikushuka. Ndege ikapoteza mwendo, ikaanguka pale pale uwanjani. Walikufa wote 21. Kepteni alikuwa na miaka 25.

Usiku wa Januari 6, siku mbili kabla, ndege ilikuwa karakanani Huntington, West Virginia. Fundi mmoja alikuwa akirekebisha mkazo wa nyaya za kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo kwenye ndege ya aina ile. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na hatua nyingi, yeye akaruka baadhi. Aliyekuwa akimfundisha kazi hiyo alikuwa ndiye mkaguzi wa ubora, na alikubali hatua zirukwe. Kisha mtu huyohuyo akaipitisha kazi kama mkaguzi. Jaribio la mwisho, ambalo lingeonyesha kwamba kibao hakishuki kama inavyotakiwa, halikufanyika. Ndege ikaruka safari kadhaa salama, mpaka siku ilipobeba mzigo mzito mkiani.

Na mzigo nao una kisa chake, ambacho sisi wa dagaa na madumu ya mawese kinatuhusu. Uzito wa abiria ulikuwa ukikadiriwa kwa wastani wa zamani, wa watu wembamba kuliko wa siku zile. Kwa makaratasi ndege ilikuwa ndani ya kiwango. Kwa kweli ilikuwa imezidi, na uzito umeegemea nyuma. Baada ya ajali ile wastani ulipandishwa. Tangu nilipoyasoma hayo sijambembeleza tena mhudumu wa mizani apitishe boksi langu.

Mafundi wa Huntington walikuwa wa nani? Air Midwest ilikuwa imempa mkandarasi kazi ya matengenezo, na mkandarasi huyo akachukua mafundi kutoka kampuni ya tatu. Bodi inayochunguza ajali za usafiri Marekani, NTSB, iliitaja Air Midwest kwa kutosimamia kazi iliyofanywa kwa niaba yake, na ikaitaja pia mamlaka ya anga ya nchi ile, FAA, kwa kutosimamia programu hiyo ya matengenezo. Familia moja iliyopoteza binti haikuridhika na fidia tu, ikadai kampuni ikiri. Mwaka 2005 Air Midwest iliomba radhi hadharani. Jambo hilo ni nadra sana katika biashara hii, na naamini lilitokea kwa sababu wazazi wale walikataa kunyamazishwa.

Miaka saba kabla ya Charlotte kulikuwa na ValuJet. Hiyo ilikuwa kampuni changa ya nauli nafuu, iliyoanza 1993, na karibu matengenezo yake yote mazito yalifanywa na wa nje. Tarehe 11 Mei 1996 ndege yake ya aina ya DC-9 ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka Miami, ikazama kwenye kinamasi cha Everglades na watu 110. Moto ulitoka kwenye maboksi yaliyopakiwa sehemu ya mizigo: mitungi midogo ya kutengenezea oksijeni iliyong'olewa kwenye ndege nyingine na mkandarasi aitwaye SabreTech. Mitungi hiyo ikiguswa vibaya huwaka joto kali, kwa hiyo sheria ilitaka ivikwe vifuniko vya usalama. Vifuniko havikuvikwa. Kwenye kadi za kazi mafundi walisaini kwamba vimevikwa, na maboksi yakaandikwa kuwa ni mitungi mitupu.

Hiyo sahihi inaniumiza kila ninapoisoma. Nimekulia nyumba ambayo baba aliweza kurudi kazini usiku wa mvua kwa sababu alikumbuka ameandika kitu ambacho hakukihakikisha.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia, kwa sababu hoja hii ikibebwa kizembe inaishia kuwatukana mafundi wa mkataba, ambao wengi wao ni watu safi wanaolipwa kidogo. Kuwa na karakana yako hakukuokoi peke yake. Ndege ya Alaska Airlines iliyoanguka baharini karibu na California tarehe 31 Januari 2000, ikiua watu 88, ilikuwa ikitunzwa na kampuni yenyewe. Nati ya parafujo kubwa ya mkiani ililika kwa kukosa grisi ya kutosha. Na kukabidhi kazi kwa jina kubwa nako si kinga. Jumbo ya Japan Airlines iliyoanguka Agosti 12, 1985 na kuua watu 520 ilikuwa imetengenezwa miaka saba nyuma na mafundi wa Boeing wenyewe, waliounda ndege. Kiraka cha ukuta wa nyuma kilitakiwa kishikwe na safu mbili za ribiti, sehemu moja ikashikwa na safu moja.

Wapo pia wanaoniambia kwamba fundi mwema hufanya vema hata asipoonwa, na Kigoma tuna ushahidi wake ziwani. Julai 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao ili isitekwe, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, wakitumaini itaibuliwa siku moja. Iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Naipenda habari hiyo kuliko karibu zote za mkoa huu. Lakini wahandisi wale walikuwa wakiitunza meli waliyoiunga kwa mikono yao hapohapo Kigoma. Fundi wa zamu ya usiku, mwenye mkataba wa miezi mitatu, anayesubiriwa na msimamizi anayetazama saa kwa sababu ndege inatakiwa alfajiri, tunamdai moyo ule bila kumpa mazingira yale.

Hapo ndipo usimamizi unapoingia. Kwa kanuni za kimataifa, kampuni ya ndege inaweza kumkabidhi mtu mwingine kazi ya matengenezo, lakini wajibu wa ndege kuwa salama unabaki kwake. Kwetu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayotoa vibali kwa karakana na kuzikagua. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyothibitishwa Tanzania, kwa hoja ya upungufu katika usimamizi wa usalama, ikiwemo uhaba wa wataalamu wenye sifa. Wako waliochukulia hilo kama dharau, nami nilichukia pia kuona nchi yangu kwenye orodha ile. Ila dawa yake haiko Brussels. Iko kwenye idadi na uwezo wa wakaguzi wetu, na kama mkaguzi anaweza kuingia hanga la mkandarasi saa nane usiku bila taarifa, akaona ni nani aliyeshika bisibisi.

Shemeji aliitwa ofisini baada ya ule usiku wa Tabora. Hakuonywa kwa maandishi. Aliombwa aeleze kwa nini kampuni imelipia abiria malazi kwa ndege ambayo haikuwa na hitilafu. Akaeleza. Akaniambia kwamba swali lenyewe halikumsumbua. Alichoogopa ni rubani kijana, mwenye mkopo wa masomo na saa chache za kuruka, kuulizwa swali lile mara moja tu, kisha siku nyingine akaona skrubu na kupita.

Abiria tunalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo wengi wetu tunalikumbuka mizigo ikipotea. Nimeamua kuliandikia kuhusu hili, na ningependa wenzangu wa Kigoma na Tabora mfanye hivyo pia. Ninayo maswali matatu. Ndege inayotoka kwa mkandarasi, je, kampuni huwa na fundi wake mwenyewe aliyekuwepo kazi ikifanyika, au inapokea makaratasi tu? Rubani akiandika hitilafu ileile ikarudi, kuna utaratibu wa kumkutanisha ana kwa ana, au hata kwa simu, na fundi aliyeigusa? Na kepteni akiilaza ndege kwa nia njema, kisha ikaonekana haikuwa na kitu, ni kifungu gani kinachomzuia mwajiri wake kumhesabia usiku ule kama hasara aliyoileta yeye?

Hilo la tatu nataka nijibiwe kwa namba ya kifungu. Nikijibiwa nitaliweka hapa kama lilivyo.